Nilimpima Akiwa Amekaa

Niliandika kwenye faili la mgonjwa kwamba hali yake inamruhusu kurudi nyumbani, na haikuwa kweli. Daktari alisaini kwa kuamini vipimo nilivyompelekea. Kosa ni langu mimi, nesi wake.

Ilikuwa mwaka 2021, wimbi la Delta limepamba moto, na mgonjwa mmoja akitoka mwingine yuko mlangoni kwenye machela. Huyu alikuwa mama mtu mzima, muuza vitumbua, ambaye UVIKO-19 ilimlaza kwenye oksijeni mpaka tukaanza kumpunguzia lita moja moja. Siku ya kutoka alikaa ukingoni mwa kitanda na khanga yake mpya, kapu limeshafungwa. Vidole vyake vilikuwa na piko, nami kwa kujua kwamba rangi nyeusi huweza kuidanganya mashine ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu, nikatafuta kidole kisichopakwa. Ikasoma 96. Nikamwambia, “Mama, mapafu yamepona, nenda kapumzike.”

Piko nililiona. Kumsimamisha atembee hata hatua chache hakukunijia akilini.

Mtu akiwa ametulia, damu hupita mapafuni polepole, kwa hiyo hata kuta za vifuko vya hewa zikiwa zimevimba au zina makovu, oksijeni hupata muda wa kupenya. Akiinuka kufanya kazi, damu huenda mbio na muda huo hupungua. Hapo ndipo ubovu hujitokeza. Wala halikuwa jambo jipya: manusura wa SARS ya 2003 waliofuatiliwa Hong Kong, mwaka mzima baadaye baadhi yao mapafu yalikuwa bado hayapitishi hewa ipasavyo. Madaktari wa vifua wa Uingereza nao, tangu 2020, walishauri waliougua nimonia kali ya korona wapigwe picha ya kifua tena baada ya wiki 12. Mimi sikumpa hata tarehe ya kurudi.

Kuna la pili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alinipigia simu. “Mwanangu, nikikoroga unga tu natafuta pa kukaa.” Nikamjibu kwamba ni uchovu wa ugonjwa na woga, ajikaze, utaisha. Akajikaza kweli, mbele ya moshi wa kuni, kwa sababu nesi ndiye aliyemwambia. Zahanati ya mtaani ikampa antibiotiki, kisha makohozi yakapimwa TB, hayakuwa na kitu. Majirani wakaanza kumtengea kikombe chake.

Aliporudi kwetu, mtaalamu wa fiziotherapia alimtembeza koridoni huku mashine iko kidoleni. Alianza na 95. Hakufika mwisho wa korido, ikasoma 86. Picha ikaonyesha makovu pande zote mbili.

Daktari alimwanzishia prednisoloni. Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya mazoezi: kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye uji wa moto, kutembea kidogo, kusimama kabla pumzi haijakatika, kuongeza kidogo wiki inayofuata. Jikoni akaingia mpwa wake. Amepata nafuu kubwa, ila kupanda mlima na ndoo kichwani hakuwezi tena. Nilimwomba radhi mbele ya watoto wake. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Siku hizi hakuna mgonjwa wa namna hiyo anayetoka mikononi mwangu kabla hajatembea na mashine kidoleni. Namba ikishuka kwa 3 au zaidi, namrudisha kwa daktari, hata kama kitanda kinasubiriwa. Nimepekua pia rejista ya mwaka ule na kuwapigia niliowaruhusu. Wengine hawapatikani. Kama ulilazwa wakati ule na mpaka leo ngazi zinakukata pumzi, rudi hospitali, na ukishapimwa umekaa, waombe wakupime ukitembea.