Dawa za Nyumbani na Dhamana Yake



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, kila ufikapo msimu wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, madrasa yetu hapa Tanga husikika sauti mbili ambazo si za kusoma. Ya kwanza ni chafya. Ya pili ni "aa, mgongo!" ya wanaoinuka baada ya kuinamia juzuu kwa muda mrefu. Katika makala hii tungependa kuzungumzia dawa tulizozizoea majumbani kwa maradhi haya mawili, na kukusimulieni kosa tulilolifanya sisi walimu wenu, ili liwe somo.

Tuanze na mgongo. Mwenye kukaa chini na kuinamisha shingo huilazimisha misuli ya shingo na mabega kubeba kichwa kilichoning'inia mbele, ndiyo maana hukaza na kuuma. Dawa ya kwanza haina gharama: weka msahafu juu ya marufaa, na kila baada ya nusu saa simama ujinyooshe. Ya pili ni kuchuliwa. Bibi zetu huchua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, na wengine hutia matone ya mafuta ya karafuu. Joto na mkono hulegeza misuli, na karafuu hutia ganzi kidogo. Lakini mafuta ya karafuu yasipakwe matupu, kwani huunguza ngozi. Wala asichuliwe mtu aliyeanguka akavimba, au mwenye homa pamoja na shingo iliyokakamaa. Huyo ni wa hospitali.

Ama chafya, nyingi za msimu huu ni za mzio, yaani aleji. Mwili hukosea, ukakiona kitu kisicho na madhara, kama vumbi au chavua ya maua, kuwa ni adui, ukapigana nacho kwa kamasi, chafya na macho kuwasha. Kwa hili majumbani tuna habasoda, asali, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Habasoda na asali zimesifiwa na Mtume (S.A.W.), nasi tunaamini. Wataalamu wa leo nao wameijaribu habasoda, na baadhi ya wagonjwa wa mafua ya mzio wamepata nafuu. Hadi hapo hakuna tatizo.

Sasa kosa letu. Mwezi wa Shaaban mwaka 1445, yaani Februari 2024, tulitoa mabusati na mikeka yote ili kuisafisha kabla ya Ramadhani. Wanafunzi wakaikung'uta uani, vumbi likatanda. Mtoto mmoja wa miaka 9 akaanza kukohoa, kisha kifua kikamlia kama filimbi. Tulijua kuwa ana pumu, maana bibi yake alitueleza siku alipomwandikisha. Badala ya kumwita bibi au kumkimbiza hospitali, tulimkorogea habasoda kwa asali, tukamfukiza chini ya shuka kwa maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, tukamchua kifua na mgongo. Nia yetu ilikuwa njema. Baada ya muda ile filimbi ikanyamaza, na mtoto naye akanyamaza. Tukasema alhamdulillahi, ametulia.

Bibi yake alipokuja kumchukua alimtazama mara moja tu, mbavu zinavyobonyea na midomo ilivyopauka, akasema: "Maalim, mjukuu wangu hajatulia. Amechoka kuvuta pumzi."

Hatukuwa na la kujibu. Tulimpakia kwenye bajaji. Hospitalini akapewa oksijeni na kuvutishwa kwa mashine dawa ya kufungua njia za hewa, akalazwa siku mbili. Alhamdulillahi yu hai, na bado anasoma nanyi. Daktari alitueleza kuwa pumu ikibana sana, hewa inayopita haitoshi hata kutoa mlio. Ukimya ule tulioushukuru ndio uliokuwa hatari yenyewe. Akatuambia pia kuwa mvuke wa maji ya moto haufungui mirija iliyobana, na umeshaunguza watoto wengi.

Usiku ule tulilikumbuka funzo tunalolisomesha kila mwaka katika darasa la hadithi: kuwa anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ni yake. Siku zote tukilisomesha kama habari za waganga wa sokoni. Kumbe lilikuwa linatuhusu sisi. Kesho yake tulikwenda kwa bibi kuomba radhi. Alitusamehe, akasema: "Mungu amemstiri. Siku nyingine niiteni."

Tangu siku hiyo, mikeka haikung'utwi wenye pumu wakiwa karibu. Inhela zao zimewekwa kwenye kabati lisilo na kufuli, na kila mwalimu amefundishwa kuzitumia. Habasoda haikufukuzwa, ipo kwa ajili ya chafya. Lakini mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikabonyea, au midomo ikabadilika rangi, ni inhela kwanza na hospitali papo hapo.

Wapenzi wanafunzi, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na dawa ya hospitali nayo imeumbwa na Allah. Kuichukua si upungufu wa imani. Nanyi mkimwona mwalimu wenu anakosea, msione haya kumwambia. Siku ile walikuwepo watoto waliojua kuwa mwenzao huvuta inhela nyumbani, wakanyamaza kwa heshima.

Wabillahi tawfiq.