Korja kwa Korja

Saa tisa usiku, mtaa wa Langoni, Lamu, nilibonyeza "ruka", na nilijua kabisa ninachofanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ami, jirani yetu tangu nizaliwe, alikuwa mpiga picha: harusi, maulidi, vitambulisho, watoto na nguo zao za Idi. Negativu alizihifadhi kwenye mikebe ya biskuti. Ukifungua mmoja, unapigwa na harufu ya siki, kwa sababu filamu za asetati zikioza hunuka hivyo. Nilizipitisha kwenye skana kwa miezi minne, picha 11,000, kila moja karibu megabaiti 80. Jumla, gigabaiti 880 kwenye diski moja ya kuazima. Binti yake aliyeko Muscat akatuma sanduku la hifadhi lenye diski mbili ndani, moja ikifa nyingine inabaki. Tukaliweka orofani, kando ya rauta. Mimi na laptopu tukabaki chini.

Basi, kunakili kukawa kunakatika. Dakika 40, kimya. Naanza tena, saa moja, kimya. Nikalaumu intaneti kama kila mtu. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, tulishinda tukilaani simu zetu, na tangu siku hiyo kitu kikikwama tunatazama bahari. Lakini picha hizi hazikuwa zinatoka hata nje ya nyumba. Zilikuwa zinapanda ngazi tu. Hata intaneti ya Kenya nzima ingezimwa, zilipaswa kufika.

Usiku ule sikuwaza hivyo. Nilikuwa nimechoka, malipo yanasubiri kazi iishe, na laptopu inaniuliza faili baada ya faili: jaribu tena, ruka, ama ghairi? Nikaruka. Nikaruka mara 41. Asubuhi nikamwambia Ami, "Tayari." Akashukuru sana. Akasema Ijumaa atazitupa zile negativu, mkewe amechoka na harufu. Mimi nami nilipanga kuifuta ile diski na kuirudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Jumatano akaja mama mmoja kutoka Matondoni. Alitaka picha ya kakake aliyezama baharini. Nikaitafuta kwenye sanduku. Jina sawa, saizi sawa. Ikafunguka: paji la uso, macho, halafu kuanzia puani kwenda chini, nyeusi tii. Nafasi ya faili nzima ilikuwa imetengwa, kisha laini ikakatika kabla haijajazwa. Yule mama aliiangalia muda mrefu bila kusema kitu.

Nikakimbilia ile diski. Picha ilikuwemo, nzima. Nikampa. Alipoondoka nikamwambia Ami ukweli.

Hakufoka. Kabla ya kamera, Ami alikuwa mhesabu boriti pwani, zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Boriti huhesabiwa kwa korja, ishirini ishirini.

"Mvua ikiya tulisita," akasema. "Ikipita, twaendelea pale pale. Kila korja ina alama yake. Kwani wewe ikikatika warudi mwando?"

Ndiyo, Ami. Nilikuwa narudi mwanzo kila mara, na mwisho wake nikaanza kuruka.

Safari hii nilianza kwa kutafuta inakokatikia. Nilifungua madirisha mawili kwenye laptopu, moja likiita rauta kila sekunde kwa ping, jingine likiita sanduku, na majibu yote yakirekodiwa na saa yake. Kazi ilipokatika, wote wawili walinyamaza sekunde ile ile. Hapo sanduku likatoka lawamani, maana tatizo lilikuwa kati ya laptopu na rauta, yaani waifai. Nikabadilisha kitu kimoja kimoja. Nilipozuia kadi ya waifai isisinzie kuokoa umeme, dakika 40 zikawa saa tatu. Afadhali, lakini bado. Kuta za nyumba ya Ami ni za matumbawe na chokaa, nene kama mkono wangu ulivyo mrefu, na mawimbi yalikuwa yanafika juu yakihema. Nikanunua kebo ya mita 20, nikaipitisha kiwandani hadi orofani. Ping ikatulia.

Kisha nikaacha kuburuta folda, nikatumia rsync. Hiyo huangalia kilichofika na kilichobaki, na ikikatika katikati ya faili unaweza kuiambia iendelee palipoishia. Milango ya rauta ni ya megabiti 100, kwa hivyo kazi nzima ilihitaji kama saa 22. Stima ilipotea mara mbili. Laptopu ina betri, rauta haina. Mara zote mbili nilikunywa chai, stima ikarudi, tukaendelea.

Mwisho nikahakiki, na sikutazama majina wala saizi, maana hivyo vilishanidanganya. Programu ilisoma kila faili pande zote mbili na kulinganisha alama inayotokana na yaliyomo ndani. Mimi nilikumbuka kuharibu 41. Mbovu zilikuwa 58. Nilizinakili upya, nikahakiki tena, zote zikalingana.

Hizo 17 za ziada ndizo zinaninyima usingizi, kwa sababu hata sikujua zipo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, niliwaambia wote nyumbani kwamba niko sawa. Najua sauti yangu inavyokuwa nikisema "tayari" kabla ya wakati. Ami pia anaijua sasa. Alinilipa pesa zote, akataka nimwonyeshe ile orodha ya mafaili, akaipitia kwa kidole, kurasa mbili tatu, midomo ikihesabu.

Negativu hazikutupwa. Nilizibeba, mikebe yote, na siku hizi mamangu ndiye anayelalamika harufu.