Ile Mashua ya Kwenye Video ni Yangu, na Mama Alijua Niko Sabasaba

Kuna video ya Bongo Fleva ambayo wengi wenu mliirudia mpaka mkaichoka. Staa simtaji, sina hela ya wakili. Kuna kipande kaachia gauni jeupe, kasimama kwenye kimashua chenye tanga lenye viraka, jua linazama nyuma yake, na chini watu wakajaza maoni kwamba Zanzibar ni tamu. Jamani, ile ni Bagamoyo. Na kile kimashua ni changu.

Mwenye mashua ni mtu wa Makambako. Ndiyo, Makambako ile ya njia panda, unaposhuka kwenye basi saa nane usiku na upepo unakuuliza koti liko wapi. Mkoa wetu wa Njombe una maji, Ziwa Nyasa liko kule Ludewa, ila mimi nimekua nikiliona kwenye ramani tu. Bahari nimeiona nikiwa na miaka 22, nilipoenda Dar kutafuta kazi. Miaka mitano baadaye nikanunua mashua ya futi 19 kwa mzee mmoja wa Bagamoyo aliyekuwa amechoka nayo. Marafiki zangu walikuwa wananunua Toyota IST.

Nilichokuwa nataka ni kusafiri peke yangu. Nilikuwa nimesoma habari za Joshua Slocum, yule jamaa aliyekuwa wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, kuanzia 1895 hadi 1898. Alipewa boti bovu lililokuwa linaozea shambani, akalijenga upya mwenyewe kwa miezi 13. Mimi nikaona hapo kwenye kuzunguka dunia. Ile miezi 13 niliiruka.

Sasa niwaambie ukweli ambao haupo Insta. Mashua ya mbao ni mgonjwa wa kudumu. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya, na kinachozuia maji yasipite hapo ni pamba iliyolowekwa mafuta na kusindiliwa kwa patasi na nyundo. Hiyo ndiyo kalafati. Pamba inaoza, inatoka, unarudia. Chini ya tumbo unapaka mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, kwa sababu baharini kuna minyoo inayokula mbao kimyakimya, nje huoni kitu. Kila baada ya miezi kadhaa unasubiri bamvua, maji yakijaa sana unaisogeza juu, yakitoka inabaki mchangani, unafanya kazi mbio kabla hayajarudi. Kamba ya jarari inakwanguka, tanga linachanika, msumari unakula kutu. Ukipanga safari ya siku mbili, jua umeshaitumikia wiki tatu.

Fundi wangu, mzee ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, aliniambia mwezi wa kwanza kwamba ubao mmoja upande wa kulia, chini ya mstari wa maji, umekwisha. Utoke, uingie mninga. Mninga hakuwa nao, asubiri wiki mbili. Na watu wa video walikuwa wanakuja baada ya siku nne, na mpunga wao ulikuwa mzuri.

Nyumbani kwangu Dar kulikuwa na mbao za paina. Baba mdogo ana karakana Njombe mjini, alinipa nitengenezee kitanda. Nikampelekea fundi ubao mmoja. Akaugonga kwa kidole, akanitazama. "Huu ni wa mwezi mmoja, mwanangu. Mwezi mmoja tu." Nikamwambia sawa, mzee.

Video ikapigwa, ikapendwa. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Hela ya mninga nilinunulia simu.

Ikafika Sabasaba. Kazini nikaaga naumwa. Mama alipopiga nikamwambia niko kwenye maonesho, hata nikamuelezea foleni ya getini. Fundi nilimwambia navuka kwenda Unguja na nitakaa huko mpaka Ijumaa. Kutoka Bagamoyo mpaka mjini Zanzibar ni kama kilomita 45 kuelekea kaskazini mashariki, na mwezi wa saba ni kusi, upepo unakusukuma kwa nyuma. Niliondoka alfajiri, kabla ya saa saba nimefika. Nikajipiga picha, nikala urojo, nikalala kama mfalme.

Kesho yake nikaingiwa na wazo la kurudi mapema, nisikose kazi siku mbili zaidi. Sikumwambia mtu.

Kurudi na kusi ni kazi nyingine kabisa. Upepo uko usoni, unakwenda zigizaga, mashua inalala ubavu na kupiga mawimbi kwa kishindo. Na ukiwa peke yako una kazi za watu watatu: usukani, tanga na kufua maji. Mikono miwili. Saa tisa alasiri hivi niliona maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikakata dumu la lita tano nikaanza kuyatoa. Nikayatoa, nikayatoa, bado vifundoni. Nikapapasa upande wa kulia, kidole kikazama ndani ya ubao. Jamani, kidole kilizama kama kwenye mkate uliolowa chai. Minyoo ilikuwa imemaliza paina ya baba mdogo.

Nikatoa simu. Mtandao ulikuwepo, wa kubabaisha lakini upo. Hapo ndipo nilipopatwa na hofu yenyewe, na haikuwa ya maji. Kazini wanajua niko kitandani. Mama anajua niko Sabasaba. Fundi anajua niko Unguja mpaka Ijumaa. Nilikuwa nimewaaga watu wote, na hakuna hata mmoja aliyenijua nilipo. Ningezama saa ile, wangeanza kunitafuta siku tatu baadaye, tena Dar.

Nilimpigia fundi mara nne, mara zote ikakata. Nikaacha simu.

Kilichoniokoa nilifundishwa na fundi huyohuyo: ubao mbovu usiuache chini. Nilikuwa napokea upepo kushoto, mashua imelalia kulia, yaani imelalia kidonda chake. Nikigeuka kurudi Unguja, upepo utakuja kulia, mashua italalia kushoto na ubao utainuka karibu na hewa. Tatizo ni kugeuka. Tanga letu linataka uchukue foromali, lile boriti refu linaloshika tanga, uizungushe mbele ya mlingoti, na watu wenye akili wanafanya hivyo wakiwa wawili au watatu. Foromali ilinipiga begani, nikaanguka, usukani ukaenda kivyake. Sijui ilichukua muda gani. Ilipotulia ikalala kushoto, na maji yakapungua kuingia.

Nilikuwa na sweta. Mtu wa Makambako haendi popote bila sweta, hata Bagamoyo. Lilikuwa la sufi, la kijivu, mama alininunulia mnadani nilipofaulu kidato cha sita. Nikalipaka mafuta ya mgando, nikalisindilia kwenye lile tobo kwa kisu na kisigino. Nikaingia Unguja saa mbili usiku nikiwa nafua maji kwa mkono mmoja.

Mwezi wa nane, sikukuu ya Nanenane, nikaenda nyumbani. Nilishuka Makambako asubuhi nikitetemeka ndani ya shati. Mama yuko pale barabarani anapouzia viazi, kitenge begani, kitenge kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kamwene. Sweta liko wapi?"

Ningeweza kumwambia limeibiwa. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, nimeuandaa tangu Mafinga. Sijui kwa nini ulikwama. Nikamweleza yote, nimekaa juu ya gunia, wateja wanakuja na kuondoka. Hakupiga kelele. Hakuuliza kwa nini nilinunua mashua badala ya kiwanja, swali ambalo huwa analiuliza kila Krismasi. Aliuliza moja tu: "Nani alikuwa anajua uko huko?"

"Hakuna."

Akaendelea kupima viazi. Mpaka jioni hakuniongelesha tena, na kwa mama yangu hiyo ni adhabu kubwa.

Kesho yake nikapanda Coaster kwenda Njombe kumuona baba mdogo. Yeye alicheka mpaka akaweka randa chini. "Paina yangu ni ya kenchi! Uweke juu ya nyumba, iwe kavu, itakuzika. Wewe umeipeleka kuogelea?" Halafu akanyamaza, akaniuliza ile mashua sasa iko wapi, na kama fundi wangu kapata mninga. Kapata. Safari hii hela nilikuwa nimetuma kabla sijapanda basi.

Wanaosafiri peke yao kwelikweli hawako peke yao kama tunavyodhani. Novemba 2022, kwenye mashindano ya Golden Globe, boti ya Tapio Lehtinen wa Finland ilizama kwenye Bahari ya Hindi, upande wa kusini huko. Alikaa kwenye boya la kuokolea karibu saa 24, mpaka akachukuliwa na Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, mshindani mwenzake, ambaye naye alikuwa peke yake kwenye boti yake. Alimpata kwa sababu kifaa chake cha dharura kilikuwa kimeshatoa taarifa yuko wapi. Kirsten akaendelea na safari, na Aprili 2023 akashinda. Slocum yeye aliondoka tena peke yake mwaka 1909, na boti lilelile. Hakuonekana tena.

Siku ya kuondoka Makambako mama alinipa masharti. Ana daftari la madeni ya viazi. Kurasa za nyuma amezipiga mistari kwa rula: tarehe, ninakotoka, ninakokwenda, saa ya kuondoka, saa ya kufika. Juu kabisa kaandika namba ya fundi. Nikipitisha saa mbili bila kupiga, anampigia fundi. Mama hajawahi kuiona bahari. Yuko zaidi ya kilomita 600 kutoka Bagamoyo, na ndiye anayenilinda.

Mwaka huu mwezi wa pili nilifika Bagamoyo salama kabisa, nikakutana na washkaji, tukapiga stori, nikasahau. Nikashangaa fundi anakuja mbio mchangani na vijana wawili wamebeba mashine ya boti, mmoja hana shati. Waliponiona nimekaa na kahawa mkononi, sitawaambia nilichoitwa.

Nikampigia mama. Nyuma yake nasikia malori.

"Umefika?"

"Nimefika tangu saa kumi, mama. Nisamehe."

"Naandika saa kumi na mbili na dakika arobaini," akasema. "Saa uliyopiga ndiyo saa uliyofika. Na unidai— hapana, mimi nakudai vocha ya elfu mbili."