Kidole Kimoja Juu ya J

Simu ililia saa mbili asubuhi, mwezi wa saba 2019. Alikuwa mama mmoja wa Beni. Nilimfahamu, kwa sababu mwaka 2016 nilipiga foto za ndoa ya mdogo wake hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Mume wake alikuwa amefariki usiku kwa Ebola, na timu ya maziko ingempeleka makaburini saa tisa alasiri. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya zile siku 21 za kufuatiliwa, hawezi kusafiri.

"Papa, unitumie foto ya mume wangu. Uso tu. Tuiweke juu ya sanduku, maana hawatatufungulia."

Nikamjibu, "Mama, usihangaike, ninayo."

Kuwa nayo nilikuwa nayo. Ila ilikuwa katika moja ya diski saba, ndani ya folda niliyoiita "Nouveau dossier 3", pamoja na foto nyingine 1,839 za ndoa ileile. Programu iliyokuja na mashine yangu ilichukua karibu sekunde nne kufungua foto moja. Piga hesabu: zaidi ya saa mbili za kungoja tu, bila kutazama chochote. Na kwanza sikujua ni diski ipi. Saa sita umeme ukakatika, nikamtuma mtu akaniletee petroli ya jenereta. Nilimpata yule marehemu saa kumi na moja jioni, amesimama nyuma ya shangazi wa bibi harusi, ameshika chupa ya Fanta. Nikaituma.

Mama akajibu kwa maneno mawili: "Aksanti. Uiweke."

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya kanisa na kipaza sauti. Ushuhuda wangu ni mdogo, nao unahusu klaviye, yaani ile kibodi ya kompyuta. Lakini ulianzia hapo, kwenye neno lile "uiweke", kama vile kuweka ndiko nilikokuwa nimeshindwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kwanza Mangina, karibu na Beni, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Waliozikwa na timu zile walizikwa ndani ya mfuko. Miezi ile watu hawakuniomba foto za mapambo. Waliniomba uso wa kumwagia machozi, na mimi nilikuwa na nyuso elfu mia mbili ambazo sikuweza kuzifikia.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza masomo ya informatiki na hana kazi. Nilimwambia anitengenezee programu yenye vitufe vizuri vikubwa, kama za kwenye simu. Hakubishana. Alichukua daftari, akakaa nyuma yangu siku tatu nikichagua foto za komunyo ya kwanza. Nilidhani anajifunza kazi. Siku ya nne akanisomea: kwa foto 600 nimeinua mkono kwenda kwenye kipanya mara 1,100 na zaidi, na kila mara jicho langu limeiacha foto likakitafuta kile kishale. "Mjomba, hutazami foto. Unatazama kishale." Nilikasirika siku nzima, maana ilikuwa kweli.

Alinionyesha kwamba wengine walishaliwaza jambo hili. Irfan Škiljan, mtu wa Jajce huko Bosnia, alitoa IrfanView, programu ya kutazama foto, mwaka 1996 akiwa mwanafunzi Vienna. Bert Münnich aliandika sxiv, programu ya Linux isiyo na kitufe hata kimoja cha kubofya: dirisha, foto, na herufi za klaviye, basi. Nilizijaribu zote mbili, nikaona tofauti mara moja. Hata hivyo kulikuwa na mambo ya kwetu ambayo hakuna mtu wa Vienna angeyajua, na ndiyo yaliyotufanya tuandike yetu.

Kwanza, klaviye zetu ni za Kifaransa. Programu nyingi hutaka upige 1 hadi 5 ili kuipa foto daraja. Kwenye klaviye ya Kifaransa safu ile ya juu haitoi tarakimu mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Ukipiga bila kushikilia unapata é au alama ya nukuu. Kwa foto elfu mbili, kidole kile cha pembeni kinauma. Tukaziacha tarakimu kabisa. J ni mbele, F ni nyuma, kwa sababu herufi hizo mbili zina vinundu ambavyo kidole huvipapasa hata gizani, na giza Butembo halihitaji mwaliko. Kile kitufe kirefu cha nafasi ni "hii nzuri". Hakuna kufuta. Toleo la kwanza lilikuwa na kitufe cha kufuta, jirani na J, nikapoteza foto kumi na moja za mahari ya watu. Sasa programu haigusi foto hata kidogo. Inaandika majina ya zilizochaguliwa kwenye faili la maandishi, mstari kwa mstari, palepale kidole kinapoinuka. Umeme ukikatika nimepoteza mstari mmoja.

Pili, saa. Kamera yangu ya pili ilinunuliwa Kampala, na Uganda iko saa moja mbele yetu. Ukizipanga foto kwa saa, bibi harusi anakata keki na hajatoka kanisani bado. Miaka minne nilikuwa nikizipanga kwa mkono, nikimlaumu msaidizi wangu. Mpwa wangu aliweka kitufe kimoja kinachorudisha kamera yote saa moja nyuma.

Kasi yenyewe aliielezea kwa mchanga uani, na hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Foto ya kamera yangu ina nukta 6,000 kwa 4,000, milioni 24. Ikifunguliwa yote inakula megabaiti 72 za kumbukumbu, na mashine yangu, iliyotoka Dubai ikiwa imeshatumika, ina gigabaiti nne tu. Kioo chake kina nukta 1,366 kwa 768, milioni moja na kidogo. Kwa nini ufungue milioni 24 ili uonyeshe moja? JPEG, akasema, imeshonwa kwa viraka vya nukta nane kwa nane, na programu inayoisoma inaruhusiwa kuchukua kila kiraka kwa ufupi, nukta mbili kwa mbili tu. Hapo foto inakuwa 1,500 kwa 1,000, inatosha kioo, na kazi imepungua sana. Ukitaka kuona kama macho yamefumba, unagusa Z ndipo programu inaifungua nzima. Tena, wakati natazama foto ya kumi, programu imeshaiandaa ya kumi na moja na ya kumi na mbili, na ya tisa haijaitupa.

Lilibaki kosa moja lililotusumbua wiki mbili. Nikiikandamiza J nipite haraka, nikiinua kidole foto ziliendelea kukimbia zenyewe kama gari lisilo na breki kwenye mteremko wa Musienene. Maagizo yalikuwa yakijipanga foleni. Dawa ilikuwa kuitupa foleni yote na kutii agizo la mwisho tu. Siku ile kidole kiliposimama na foto ikasimama, tulicheka kama wehu.

Foto 1,840 sasa nazipitia zote kabla chai haijapoa sana, na nagusa N kuandika jina la mtu ninayemfahamu. Nimeanza na diski ya zamani kuliko zote. Niligundua kwamba nyingi sikuwahi kuzitazama hata mara moja tangu nizipige. Nilichagua foto hamsini za albamu, nikalipwa, nikafunga folda. Msaidizi wangu nilimwomba radhi kwa habari ya saa. Alisema alishasahau, na nadhani alidanganya.

Mwaka 2022 yule mama wa Beni alikuja mwenyewe kuchukua foto zake. Nilikuwa nimeandika jina la mume wake kwenye foto tisa. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwekea kidole juu ya J, nikatoka kwenda kumtafutia chai. Niliporudi alikuwa hajaenda mbele. Alikuwa amegundua F, anarudi kwenye ileile ya Fanta.

"Hilo shati nilimkataza," akasema, akabonyeza tena.