Mzee wa Kabazi katika bustani ya Jeevanjee

"Kiingilio ni pesa ngapi, mpwa wangu?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza mjomba tulipofika kwenye lango la Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi. Mkono wake ulikuwa tayari umezama katika mfuko wa ndani wa koti, pale wazee wa kwetu wanapoficha noti. Nilipomwambia kwamba hakuna kiingilio alinitazama kwa shaka, kana kwamba nilitaka kumpitisha kwa mlango wa nyuma.

Msomaji mpenzi, wengi wetu tunaoishi mijini tumepita kando ya bustani hii mara elfu bila kuitupia jicho. Ilinibidi kuandamana na mkulima kutoka Kabazi ndipo niione.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mjukuu wa mjomba yuko mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mzee alitaka kumwona kwa macho yake mwenyewe, si kwa simu. Tulidamka saa kumi alfajiri. Kabazi, kule Subukia katika Kaunti ya Nakuru, ni nchi ya juu, na baridi ya alfajiri hupenya hadi kwenye mifupa. Matatu ilitupitisha Bahati, na jua lilipochomoza tulikuwa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Hapo tulibadilisha gari, tukapita Gilgil na Naivasha, tukaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, na kufikia saa nne na nusu tulikuwa tukivuka River Road na Tom Mboya kuelekea Moi Avenue.

Mjukuu alikuwa darasani hadi saa nane. Tungengojea wapi? Hotelini, kila kiti kina bei yake. Ndipo nikakumbuka Jeevanjee, ambayo iko hatua chache tu kutoka chuoni.

Ekari tano za kivuli

Bustani si kubwa. Ni kama ekari tano hivi, iliyozingirwa na Moi Avenue, Muindi Mbingu, Moktar Daddah na Monrovia. Lakini ukiingia ndani, kelele za makanga hupungua na kichwa hutulia. Tulipata nafasi kwenye benchi chini ya mti. Upande mmoja kijana alikuwa amelala, bahasha ya vyeti vyake kifuani, bila shaka mmoja wa wale wanaotafuta kazi. Upande mwingine mama alikuwa akimnyonyesha mtoto. Mhubiri alikuwa akiwaonya wenye dhambi, na hatua chache kutoka kwake wanaume kama kumi walikuwa wakibishana kuhusu bei ya unga. Mijadala hapa si jambo geni. Kundi linalojiita Bunge la Mwananchi limejulikana kwa miaka mingi kwa vikao vyake katika bustani hii.

"Hawa wote hawajalipa?" mjomba aliuliza tena.

"Hawajalipa, mjomba."

"Basi ni ya nani?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Bustani ilianzishwa na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Ndiye aliyepewa kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899. Alianzisha gazeti la African Standard huko Mombasa, na mwaka 1909 akawa mtu wa kwanza wa asili ya Kiasia kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Bustani hii aliitengeneza kwa gharama yake, akaikabidhi kwa wakazi wa mji. Mwaka 1906, Duke wa Connaught alizindua humo sanamu ya mama yake, Malkia Victoria.

Nilipomweleza hayo, mjomba alicheka kwa uchungu kidogo. Yeye alizaliwa mwaka 1954 katika shamba la mzungu huko Subukia, ambako baba yake alikuwa kibarua. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya zile Nyanda za Juu zilizotengewa wazungu. Mwafrika aliingia humo na jembe la mwajiri, na Mhindi, hata awe tajiri kama Jeevanjee, hakuruhusiwa kumiliki shamba. Jeevanjee mwenyewe alipinga ubaguzi huo hadi London.

"Kwa hivyo mtu aliyenyimwa ardhi ndiye aliyewapa watu ardhi," mjomba akasema, na akanyamaza.

Nusura imezwe

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, lakini zawadi yake ilikaribia kufa miaka 55 baadaye. Mwaka 1991 waliokuwa wakisimamia jiji walileta mpango wa kuigeuza bustani kuwa maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kidete pamoja na jamaa zake, naye Profesa Wangari Maathai akawaunga mkono. Hoja yao ilikuwa rahisi: ardhi hii ilitolewa kwa umma, na kilicho cha umma hakigawanywi ofisini. Mpango huo ukatupwa.

Wangari alikuwa tayari na makovu ya vita vya aina hiyo. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Wabunge walimkejeli, lakini hakukoma kuandika barua. Wafadhili wa ng'ambo walijiondoa na jumba hilo halikujengwa. Leo familia zinazoketi kwenye nyasi za Uhuru Park zinaketi mahali ambapo pangekuwa na lifti na walinzi.

Mjomba alisikiliza yote haya akiwa ameinamia mkongojo wake. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia.

Shamba walilokuwa wakilifanyia kazi lilipogawanywa baada ya uhuru, wazee waliacha kipande kimoja bila mwenyewe. Hapo watoto walicheza mpira, baraza zikafanyika, na ng'ombe wa mgeni wakapumzika. Hata mimi nilicheza hapo nilipokwenda likizo. Sasa, alisema mjomba, tangu mwaka jana kuna nguzo za ua zimechimbiwa upande mmoja. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Kila mtu anasubiri mwenzake aulize.

"Nawe mjomba, umeuliza?"

"Mimi nilidhani kitu kisicho na mwenyewe hakiwezi kuibwa."

Hapo sikuwa na la kumjibu. Tulikaa kimya, tukimtazama yule kijana wa bahasha akiamka, akijipangusa suruali, na kwenda zake kutafuta riziki.

Saa nane na robo mjukuu alitokea, vitabu mkononi. Alishangaa kumkuta babu yake akiwa amestarehe kama mwenyeji wa jiji. Mzee alimshika mkono, akamzungusha bustanini na kumsimulia habari za Jeevanjee kana kwamba ndiye aliyemwuzia miche ya maua. Mwisho akamuuliza, "Wewe unasoma huko chuoni. Karatasi za uwanja wa kijiji hutafutwa wapi?"

Binti akasema kwamba ofisi za ardhi huwa na ramani za vijiji na mashamba yaliyogawanywa, na kwamba mwananchi yeyote anaweza kuomba kuziona. Mzee aliitikia kwa kichwa. Jioni tulipoagana kwenye stendi, hakunituma sukari wala majani ya chai. Aliniambia nimngojee Nakuru Jumatatu ya pili, saa mbili asubuhi, na nibebe kalamu.

Ukitaka kuizuru Jeevanjee na familia, nenda mapema kabla ya shughuli za mchana, funga mkoba wako vizuri kwa kuwa wezi wa mifukoni nao hawalipi kiingilio, na uwaonyeshe watoto jina la bustani kabla ya kuwanunulia njugu. Na ukiwa huko Nakuru, usiipite tu Nyayo Gardens. Ketini kidogo. Waambie watoto kwamba hapo hawaombi ruhusa ya mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami Jumatatu hiyo kalamu nitaibeba.