Mvua Mbili za Mambrui

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na akazipamba kwa nyota. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Katika wiki ya sikukuu ya Jamhuri, mwezi wa Desemba mwaka 2023, tuliondoka Mombasa pamoja na watu wa nyumbani kwetu kwenda Mambrui kumzuru khalati yetu. Shule zilikuwa zimefungwa, na mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka 10, alikuwa na haja yake katika safari hiyo. Alifundishwa shuleni kwamba kila mwaka, usiku wa tarehe 13 na 14 Desemba, hutokea mvua ya vimwondo. Nyumbani kwetu Mji wa Kale, kwa wingi wa taa na mapaa yaliyobanana, mbingu ya kutazama ni kidogo mno. Tukamwahidi kuwa Mambrui ataiona. Ahadi ni deni, na deni hilo lilikuwa zito kuliko tulivyodhani.

Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba vuli ya mwaka ule haikuwa ya kawaida. El Niño ilikuwa imeshika katika bahari ya Pasifiki, na Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi maji yalikuwa na joto kupita kiasi. Mambo hayo mawili yakikutana, mawingu huja kwetu kwa wingi. Ndugu zetu wa Tana River na Garissa walihamishwa na mafuriko, na barabara zikakatika. Tulipolivuka daraja la Sabaki, tukitoka Malindi, tuliukuta mto umefura, maji yake mekundu kama ufinyanzi. Mto huu unatoka mbali: Athi inateremka kutoka nyanda za juu za upande wa Nairobi, inakutana na Tsavo, inaitwa Galana, na ikikaribia pwani inaitwa Sabaki. Mjukuu wetu aliuliza ule udongo unaokwenda baharini ni wa nani. Mama watoto akamjibu, "Ni shamba la mtu, mwanangu."

Mambrui ni mji wa kale wa Kiislamu, kaskazini ya mdomo wa Sabaki. Pana kaburi lake la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina, ushahidi kwamba wazee wetu walifanya biashara na watu wa mbali. Watu wa jahazi waliokwenda na kurudi kwa misimu ya kaskazi na kusi waliisoma mbingu kama sisi tunavyosoma kitabu. Khalati yetu anakaa mtaa wa ndani, nyumba yenye ua wa mchanga na mnazi mmoja. Tulimwamkia, tukambusu mkono, akatukaribisha kwa kahawa na tende.

Usiku wa kwanza, Jumatano, hatukuona kitu. Wingu lilikuwa limetanda kutoka Isha, na kufikia saa tano mvua ikateremka. Mtoto alilala kwa huzuni. Lakini jambo lililotushughulisha zaidi halikuwa lile wingu. Tulipokuwa tukitandika mkeka uani, khalati alifunga madirisha yote, akavuta pazia la mlango, akasema kwa upole, "Mwanangu, mbingu za usiku hazichezewi. Mtoto mlete ndani."

Hapo tukajua kwamba hajasahau, nasi pia hatukuwa tumesahau.

Tulipokuwa na umri wa miaka 12 tulikaa katika nyumba ile ile, tukisoma madrasa ya pale. Khalu yetu alikuwa mvuvi, na wakati huo alikuwa mgonjwa wa homa. Usiku mmoja wa msimu wa kaskazi tulitoka nje, tukaona kimwondo kikubwa kikipita juu ya minazi, mwanga wake ukaangaza hata mchanga. Tukakimbilia ndani tukipiga kelele kwa furaha, tukamwambia kila mtu. Siku ya tatu khalu akafariki. Matangani tulimsikia jirani mmoja akisema kwamba ile nyota ilikuwa yake. Khalati alilisikia neno hilo, nasi tulilisikia. Tangu siku ile hufunga madirisha kila baada ya Isha, majira yote, hata joto la Machi.

Alhamisi asubuhi tuliwapeleka watoto Ngomeni, kaskazini zaidi. Baharini pale yamesimama majukwaa ya chuma yaliyojengwa na Waitaliano miaka ya sitini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka katika nyota, ya kwanza ya namna yake duniani, ikaitwa Uhuru. Mjukuu wetu alistaajabu kwamba jina la Kiswahili lilipanda juu kutoka ufuo huu. Nasi tulistaajabu kwamba mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo yuko mama wa Kiislamu anayeifungia mbingu dirisha.

Jioni ile mwezi mchanga wa Jumada al-Akhir ulionekana kwa kitambo kupitia ufa wa mawingu, kisha ukazama. Hiyo ilikuwa neema, maana mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huvimeza vimwondo vidogo. Baada ya kuswali Isha tulikaa uani na khalati tukisubiri wingu litawanyike. Yeye alikaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Hapo ndipo tulipomwambia tuliyopaswa kumwambia zamani.

Tulimweleza hadithi iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, ambayo Ibn Abbas (R.A.) aliipokea kutoka kwa sahaba wa Kiansari. Usiku mmoja masahaba walikuwa wamekaa na Mtume (S.A.W.), nyota ikarushwa ikang'aa. Akawauliza walikuwa wakisema nini zama za ujahilia wakiona kama ile. Wakajibu kwamba walikuwa wakisema usiku huu amezaliwa mtu mkubwa, au amekufa mtu mkubwa. Mtume akawafahamisha kwamba nyota hairushwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake.

Kisha tukamkumbusha siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume. Jua lilipatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Baba aliyefiwa na mtoto angeweza kunyamaza akaliacha neno hilo likawa heshima kwa mwanawe. Hakunyamaza. Alisimama akawaambia watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote.

Khalati alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, haya uliyajua lini?"

Tukasema, "Tulikisoma kitabu hicho mwaka 1992, khalati."

Akahesabu kwa vidole. "Miaka thelathini na mmoja," akasema. "Na mimi nilikuwa hapa hapa."

Wasomaji wetu, hatukuwa na jibu. Hadithi hiyo tumeifundisha darasa baada ya darasa. Tumeitaja msikitini, tumeieleza katika mihadhara ya miji mingine. Kila mwaka tulikuja Mambrui, tukanywa kahawa, tukayaona yale madirisha yamefungwa, na hatukusema neno. Tulijiambia kwamba si adabu kumsahihisha mzee. Kweli yenyewe ni kwamba tuliona elimu ni ya mimbari na ya wanafunzi, na ua wa mama ni mahali pa kupumzika. Ilhali Ibn Abbas mwenyewe, alipokuwa kijana, alilala nyumbani kwa khalati yake, Mama wa Waumini Maymuna (R.A.), na hapo ndipo alipomwona Mtume akiamka katika sehemu ya mwisho ya usiku, akatazama mbinguni, akasoma aya za mwisho za Surat Al Imran. Elimu hiyo ilipokewa katika nyumba ya khalati. Sisi yetu tulimnyima khalati. Tulimwomba radhi. Alitupa mkono wake tukaubusu, wala hakusema zaidi.

Kiasi cha saa nne na nusu upepo uligeuka. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, ukaanza kuvuma upepo mwanana kutoka bara, ukayasukuma mawingu kwenda baharini. Kilimia kilijitokeza kwanza, kisha upande wa kaskazini mashariki zikaonekana nyota mbili za Mapacha. Vimwondo vya Desemba huonekana kama vinatoka upande wa nyota hizo, ingawa hupita popote mbinguni. Mjukuu wetu alishika tasbihi, akaafikiana na nduguze kwamba kila kimwondo ni Subhanallah moja na punje moja.

Wataalamu wa falaki wanaeleza kwamba asili ya vimwondo hivi ni mwamba wa angani uitwao Phaethon, uliogunduliwa mwaka 1983, upana wake kilomita tano au zaidi kidogo. Unalizunguka jua na kuacha njiani vumbi na vijiwe. Kila Desemba dunia yetu huipita njia hiyo, na vijiwe huingia katika anga yetu kwa kasi ya kilomita 35 kwa nukta moja, vikawaka na kuisha. Vingi ni vidogo kama punje ya mchanga au ya mbaazi. Yale aliyotufahamisha Mola wetu katika Surat As-Saffat, Al-Mulk na Al-Jinn, kuhusu nyota na mashetani wanaosikiliza kwa wizi, tunayaamini kama yalivyo, nayo ni katika mambo ya ghaibu. Jicho na chombo huona kijiwe kinachowaka. Ghaibu haipimwi kwa chombo. Muumini hana haja ya kukikataa kimoja ili akikubali kingine.

Tulikuwa tumeshahesabu kumi na tano pale pazia liliposogea. Khalati alitoka, leso kichwani, akakaa mkekani kando ya mtoto. Kilipita kimoja, kisha viwili kwa pamoja, kisha kimoja kirefu cha rangi ya manjano kuelekea baharini. Hakushtuka. Alitazama kitambo, akasema, "Kama kila moja ni ya mtu, mbona leo Mambrui isingebaki mtu?" Akacheka, nasi tukacheka, na mama watoto akafuta machozi kwa ncha ya buibui. Hoja hiyo hatukuisoma kitabuni.

Hadi wingu liliporudi kabla ya saa saba, mtoto alikuwa ameizungusha tasbihi ya punje 33 mara moja, na punje nane juu yake. Khalati ndiye aliyetuamrisha kulala. "Ya kutazama yametosha," alisema, "na Alfajiri haisubiri mtu."

Kwa wenye kutaka kuwatoa watoto wao mwaka wowote, haya ni machache tuliyojifunza. Tazameni kwanza kalenda ya mwezi, kisha hali ya hewa, na wekeni usiku wa akiba, kwa maana pwani yetu mawingu hupita na kurudi. Swalini Isha kwanza. Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha, lakini wanavyuoni wameyatoa katika karaha hiyo mazungumzo ya elimu, ya mgeni na ya mtu na ahali zake. Chagueni ua au ufuo salama mbali na taa, wake na watoto wasiende peke yao. Zimeni simu, kwani jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza. Laleni chali, chukueni shuka na dawa ya mbu. Kimwondo hakihitaji darubini, macho yanatosha. Saa za baina ya nne na tisa usiku ndizo bora kwa vimwondo vya Desemba.

Alfajiri ya Ijumaa mvua ilinyesha tena, ile mvua ya kawaida, ikapiga juu ya makuti tukiwa tunatoka msikitini. Tuliporudi tulimkuta khalati jikoni akipika vitumbua, na dirisha la chumba chake liko wazi, upepo wa bahari ukiingia.

Tunawausia ndugu zetu, nasi tukijiusia kwanza: tuyaangalieni madirisha ya mama zetu, khalati zetu na shangazi zetu. Huenda limo moja lililofungwa kwa neno la matangani, na ufunguo wake tunao sisi miaka yote tukiupeleka kwa watu wengine. Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokificha, na amrehemu khalu yetu na marehemu wetu wote. Amin.