Barua Kutoka Saigon

Mjukuu wangu, umenionyesha kwenye simu orodha ya vivutio vya Ho Chi Minh City, ukaniuliza uanze na kipi. Miye nilifika huko mwaka 1993, na sikwenda kutembea. Nilikuwa msaidizi wa mpishi kwenye meli ya shehena. Tuliupanda Mto Saigon asubuhi, maji yake rangi ya chai ya maziwa, magugu yakielea ubavuni mwa meli, na kabla sijauona mji harufu yake ilishanifikia: moshi wa mkaa na ule mchuzi wao wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, nuoc mam, ambao mtu aliyelelewa kwa ng'onda na papa mkavu haumtishi. Karibu na gati palikuwa na jumba la kale lenye madragoni juu ya paa, Nha Rong. Serahangi akanambia kwamba hapo ndipo Ho Chi Minh, yule kiongozi ambaye mji umepewa jina lake, alipopanda meli ya Kifaransa, Juni 1911, kijana mdogo, kazi yake kusaidia jikoni. Nikaitazama mikono yangu inayonuka vitunguu, nikanyamaza.

Tulipopewa ruhusa ya kushuka nilipanda xich lo, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele na mwendeshaji hukanyaga nyuma yake, mzee mwembamba mwenye miguu kama kamba za nanga. Dola moja ilikuwa dong 10,000 na ushei, na bakuli la pho lenye mvuke wa mdalasini na anisi nililipata kwa dong 5,000. Alinipitisha mbele ya lango la Ikulu ya zamani, lile lililovunjwa na vifaru tarehe 30 Aprili 1975, siku Vita vya Vietnam vilipokwisha, akalinyoshea kidole bila neno, akaendelea kukanyaga. Akaniteremsha penye kanisa la Notre Dame, ambalo matofali yake mekundu yaliletwa kwa meli kutoka Marseille. Nililitazama kwa heshima, kisha nikavuka barabara kuingia Posta Kuu, kwa kuwa nilikuwa na barua ya kumpelekea mama.

Jengo lile lilikamilika mwaka 1891. Watakuambia kalichora Eiffel, yule wa mnara wa Paris. Usikubali, kalichora Alfred Foulhoux. Dari lake limejipinda juu kama tumbo la jahazi lililopinduliwa, ramani mbili za kale zimechorwa ukutani, na mwisho wa ukumbi imetundikwa picha ya yule yule kijana wa jikoni, sasa mzee mwenye ndevu. Stempu zao hazikuwa na gundi. Palikuwa na kikopo na brashi, na tulipanga foleni ya kupaka. Mbele yangu mama mmoja, kofia yake ya majani imening'inia mgongoni, alibandika stempu kwenye bahasha ya kwenda Marekani, akaikandamiza kwa kiganja muda mrefu, midomo ikicheza, kama anayeisomea dua. Sikuhitaji kujua Kivietinamu. Nami nilikandamiza yangu vivyo hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, anzia Posta, na usisimame mlangoni kupiga picha tu. Mji wa watu huonekana pale wenyewe wanapopeleka shida zao. Barua yangu ilifika Tanga baada ya wiki tano. Mama, aliyekuwa hajui kusoma, alisomewa na jirani mara tatu, akaitia kwenye kasha lake la nguo. Leo ninayo miye. Wino umefifia, lakini stempu haijabanduka.